Marahaba Arobaini na Sita

Katesh, 22 Juni

Zulfa amenipa daftari hili na sharti lake. "Andika njia, Baba Samira. Kilomita, maji yalipo, mahali pa kulala. Usiandike maneno." Nikamwitikia vizuri sana. Na tazama, huu ni mstari wa tatu na kilomita hata moja haijaonekana.

Gari lenyewe lililetwa na wazee wawili wa Kizungu waliovuka nalo nchi tisa, likaja kuwafia giaboksi hapa kwetu chini ya Mlima Hanang. Mzee akaugua palepale. Mke wangu, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa kwa miaka kumi na tisa, ndiye aliyemkimbiza hospitali. Walipoondoka wakamwachia gari na karatasi zake zote. Lina kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki, tangi la maji, na paa linaloinuka kama kofia ya mtu anayesalimia. Mtaani wanaliita Konokono, kwa kuwa linabeba nyumba mgongoni na kwa kuwa mlimani mwendo wake ndio huo.

Mimi ni Idrisa, umri miaka hamsini na sita, muuza vipuri. Baba alikuja hapa kutoka Kondoa na baiskeli, mimi nimefika mbali zaidi: nimefika kwenye kaunta. Naweza kukutajia namba ya beringi ya gari usilowahi kuliona. Kuendesha, hapana. Nilijaribu mara moja, mwaka niliooa, nikaingia kwenye banda la kuku la jirani, na tangu siku hiyo usukani wa nyumba hii uko kwa mke wangu.

Mpango ni huu. Kiangazi hiki tunaijaribu njia nzima: Balangdalalu, Getanuwas, Basotu, Haydom, bonde la Yaeda, Mbulu, Nambis, msitu wa Nou, Dongobesh, turudi nyumbani. Tarehe sita Septemba anakuja Frida, mwenye ofisi ya safari kule Arusha. Akiridhika, Konokono litabeba wageni wake mwaka mzima. Ameshasema wahudumu ni wawili tu, dereva na msaidizi, maana mbele kuna viti viwili. Dereva anajulikana. Msaidizi, nimefanya uchaguzi moyoni na nimepita bila kupingwa.

26 Juni

Nimepingwa.

Nilitoka dukani nikakuta mwanaume amelala chini ya Konokono, miguu nje, na mke wangu amechuchumaa pembeni akimmulikia tochi na kucheka.

"Njoo, Baba Samira. Huyu babu yangu, Tadeo, wa Nambis. Ndiye atakayetuonyesha njia."

Zulfa amekaa na madereva miaka kumi na tisa, na madereva wa nchi hii wote wanaitana babu. Babu vipi. Babu nipe jeki. Babu umeamkaje. Nikaelewa: rafiki wa kazini. Rafiki akatoka chini ya gari. Ana mabega. Ana meno yote. Akajifuta mikono, akanitazama kidogo, akainama mbele ya mke wangu na majirani.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," nikasema. Ningesema nini?

Baadaye nikamuuliza Zulfa, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, huyu bwana ana miaka mingapi. Arobaini na tisa. Saba tu! Kwa miaka saba mtu huambiwa "habari za kazi, kaka," haamkiwi kama babu wa kijiji.

28 Juni, Balangdalalu

Kiti cha mbele amekaa Tadeo. Hakuna aliyeamua. Anayeonyesha njia hukaa mbele, anayepika hukaa nyuma na jiko, na mimi ndiye ninayepika. Nimesafiri nimekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeshika sufuria isianguke, wa pili umenishika mimi. Kati ya mbele na nyuma kuna kidirisha cha ukubwa wa daftari hili. Kinapitisha kicheko lakini hakipitishi maana.

1 Julai

Baridi. Ugali umeungua. Tadeo kasema mtamu. Sijapenda alivyosema.

5 Julai, Getanuwas

Tumelala karibu na boma la wafugaji. Tadeo anaongea Kibarbaig kama aliyenyonya kwao. Mimi Kibarbaig najua kuhesabu tu, na naishia saba. Wazee wamekaa naye kwenye mawe, wamecheka, wamempa maziwa. Mmoja akanionyesha kwa fimbo, akauliza kitu. Zulfa akatafsiri huku amefunika mdomo: "Anauliza kama mpishi naye anakunywa."

Mpishi alikunywa.

6 Julai

Upepo.

12 Julai, Basotu

Leo nimesikia. Tulikuwa tunashuka kuelekea ziwani, kidirisha kikiwa wazi kwa sababu ya joto la jiko.

"Mke wangu, kata kushoto hapo, kuna shimo," akasema Tadeo.

"Nimeliona, mume wangu," akajibu Zulfa.

Wakacheka, gari likakata kushoto, na mimi nikaenda kulia pamoja na sahani zote.

Sikuuliza. Ukiuliza jambo kama hilo umekubali kwamba lipo, na mimi nilikuwa bado na matumaini na masikio yangu, kwamba yamezeeka mapema. Jioni Zulfa akaniuliza mbona kimya. Nikasema najisikia vibaya tumboni. Akanipa chumvi ya kunywa, maana mazoea ya gari la wagonjwa hayajamtoka, akasimama hapo mpaka nimalize kikombe.

13 Julai

Tumbo sasa linauma kweli.

19 Julai, Haydom

Pancha. Nikaona nafasi yangu hii. Kama kuna mtu katika wilaya mbili hizi anayeijua jeki ni mimi. Nimeuza jeki kabla Tadeo hajaota ndevu. Nikakunja mikono ya shati, nikamwambia kaa, pumzika, leo utaona. Nikaitega jeki vizuri kabisa, juu ya mchanga. Konokono likapanda, likafikiri, likashuka.

"Pole, mzee," akasema Tadeo, kwa upole ambao ungemtia hasira hata shehe. "Niachie mimi."

"Mwachie Babu," akasema mke wangu.

20 Julai

Marahaba ya ishirini na tano. Nimeanza kuzihesabu. Kila alfajiri anatoka kwenye hema lake, ananifuata hata kama niko mbali nachota maji, anainama: "Shikamoo, mzee!" Halafu anasimama hapo akinitazama usoni, kama anayesubiri kitu. Nadhani anahesabu mikunjo. Namwitikia kwa sauti nzito, anaondoka akitikisa kichwa.

30 Julai, kuteremka Yaeda

Hii nataka kuiandika bila mzaha.

Njia ya kushukia bondeni si njia, ni mawe yaliyokubaliana kwa muda. Tadeo alishuka garini akatangulia kwa miguu, akitembea kinyumenyume, uso kwa gari, mkono mmoja juu. Kidole kushoto, gurudumu linakwenda kushoto. Kiganja chini, breki. Mimi nilikuwa nimetakiwa nishuke pia, kupunguza uzito, nikawa natembea pembeni na birika mkononi. Kwa hiyo nilimwona Zulfa kupitia kioo. Hakutazama jiwe, hakutazama korongo lililokuwa upande wake, na mimi ndiyo kabisa. Alitazama ule mkono. Saa nzima gari letu lote, kitanda, jiko, maisha yake, vilining'inia kwenye kidole cha mtu mwingine, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala.

Tumeoana miaka ishirini na nne. Sijawahi kutazamwa hivyo hata wakati wa akdi.

Kule chini tukakaa kivulini. Zulfa akasema, "Frida akimwona Babu anavyotushusha hapa, kazi imeisha." Tadeo akasema mbona mzee ndiye msaidizi. Zulfa akacheka: "Mzee atamshusha mgeni mpaka kwenye banda la kuku."

Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

2 Agosti

Vumbi. Marahaba.

10 Agosti, Mbulu mjini

Marahaba ya arobaini na sita, kisha Tadeo akapanda pikipiki kwenda kwake Nambis kuona familia. Kesho tumfuate, tuendelee wote Nou. Nimekaa kiti cha mbele dakika tano gari likiwa limesimama, nikajitazama kwenye kioo cha pembeni. Si mbaya.

11 Agosti

Nimefanya jambo.

Zulfa alikuwa kwa mafundi, tairi linazibwa. Akaniambia, "Chukua bodaboda ukamlete Babu. Uingie ndani uwasalimie, usimkalie barabarani kama polisi." Sikuingia. Sikufika hata. Nilimkuta njiani juu ya Nambis anakuja mwenyewe, begi mkononi, shati limepigwa pasi. Aliponiona uso ukafunguka, na kabla hajanipa ile ya arobaini na saba nikamwahi.

"Tadeo, Mama Samira anakushukuru sana. Anasema njia iliyobaki tunaiweza wawili."

Akatazama begi lake. "Amesema yeye?"

"Amesema yeye."

"Hakuja mwenyewe kuniambia?"

"Yuko kwenye tairi."

Nilidhani atabisha, nilikuwa nimeshaandaa maneno mengine mawili matatu. "Basi," akasema, "mwambie nimesikia." Akageuka. Kwa nyuma mgongo wake ulikuwa wa mtu mzima kuliko nilivyodhani.

Kwa Zulfa nikasema: ana maharage ya kupura, ameshindwa kuendelea.

"Hata kuniaga?"

"Alikuwa na haraka."

Akalipiga teke tairi lililozibwa, kulijaribu, nadhani.

12 Agosti

Kiti cha mbele ni laini. Kina mahali pa kuweka kiwiko.

15 Agosti, Nou

Ukungu umeshuka msituni mpaka kwenye kioo. Nimemsimulia Zulfa hadithi ya mteja aliyetaka plagi za trekta aweke kwenye pikipiki. Ni hadithi nzuri. Akasema, "Ulishaniambia." Tumekwenda hivyo mpaka chini.

Nikamchokoza: mpigie basi Babu wako, umuulize maharage. Akajibu, "Mtu ameondoka bila kuniaga, nimpigie kwa lipi? Atanitafuta." Nambis nako mtu anasema hivyohivyo, najua. Nimegundua kwamba uongo hauhitaji kulindwa pale watu wanapopendana. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, wewe unakula chakula chako.

Sikula vizuri.

20 Agosti, Dongobesh

Zulfa amenionyesha duka ambamo babu yake mzaa mama alikuwa akiuza vitambaa, sasa ni saluni. Mimi nikamwonyesha duka jipya la vipuri, mtaa wa pili. Hatukukaa sana.

24 Agosti, Ziwa Balangida

Naandika nimekaa juu ya jerikeni, mita mia kutoka kwenye gari. Sijaruhusiwa kukaribia.

Ziwa limekauka ukingoni, limebaki tambarare nyeupe ya chumvi, mlima umesimama ng'ambo unatucheka. Zulfa aliuliza, "Babu alisema hapa tupite wapi?" Alisema tuzunguke kwenye mawe. Nilimsikia mwenyewe, tena mara mbili. Lakini mbele yangu palikuwa peupe na panyoofu, Katesh inaonekana, na mimi ndiye msaidizi.

"Tukate katikati," nikasema. "Ngoja nikuonyeshe."

Nikashuka, nikatangulia kinyumenyume, uso kwa gari, mkono juu. Zulfa akasita. Kisha akaanza kuja. Akautazama mkono wangu! Nikapinda kidole, gurudumu likapinda. Kwa dakika nne nilikuwa mwanaume kamili. Chumvi ilikuwa ngumu chini ya viatu vyangu, na sikukumbuka kwamba mimi, pamoja na kitambi, sifiki tani tatu.

Ukoko ukakatika. Konokono likakaa. Chini ya ile nyeupe kuna tope jeusi kama grisi iliyotumika, linanuka yai bovu, na lilimeza magurudumu ya nyuma mpaka kwenye ekseli. Zulfa akajaribu kutoka, likazama zaidi. Tukachimba saa mbili kwa koleo na kifuniko cha sufuria. Akasimama, matope mpaka viwikoni, akasema, "Heshima kando. Nampigia."

Aliweka simu juu ya boneti, spika wazi, maana mikono haikushikika. Nikajua mwisho wangu una mlio wa simu.

"Haloo. Nani?"

"Mimi, Zulfa."

"Zulfa yupi? Yule anayetosha?"

"Anayetosha nini?"

"Si umenitumia ujumbe kwamba mnatosha wawili? Mke wangu, mimi ukinichoka niambie mwenyewe, usinitumie mzee wa watu barabarani nikiwa nimeshika begi."

Zulfa hakugeuka kunitazama. Afadhali angegeuka. Alisema polepole, "Hilo tutalizungumza, Babu. Sasa hivi Konokono limezama Balangida."

Na yule mtu, huko Nambis, sauti ikabadilika hapohapo. Hakuuliza nani kawapitisha. "Zima injini. Usikanyage mafuta tena. Maji ya tangi yamwage yote, vitu vizito toa. Kuna watu hapo?" Walikuwapo wafugaji watatu, wamekuja kutazama. Akazungumza nao kwa lugha yao kutoka kwenye boneti. Wakacheka, wakamjibu, mmoja akaondoka kwa mwendo wa haraka. "Wanaleta maksai wanane na kamba," akasema. "Msiwasumbue." Akakata.

Tukabaki. Tambarare nzima, sisi wawili, na wafugaji wawili wa kutushuhudia.

"Kwa nini?" akauliza Zulfa.

"Anakuita mke wangu."

"Nani?"

"Tadeo. Na wewe unaitika mume wangu. Nimesikia Basotu, kwa masikio haya."

Alinitazama kama anavyotazama mtu aliyeletwa hajulikani ameumia wapi.

"Baba Samira. Mimi yule namwitaje?"

"Babu."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ni babu yangu! Bibi Natalia, aliyemzaa mama yangu, ni dada yake Tadeo. Baba yao mmoja. Bibi ndiye wa kwanza kuzaliwa, yeye kitinda mimba kwa mke mdogo. Nilikuambia siku ya kwanza, nimesimama pale mbele ya duka lako: huyu babu yangu. Babu kumwita mjukuu wake mke wangu, kwenu Kondoa huwa mnaita polisi?"

Kwetu Kondoa tunafanya hivyohivyo. Mama yangu mzazi aliitwa mchumba na babu yake mpaka anazikwa.

"Nilidhani ni babu ya madereva," nikasema.

Mfugaji mmoja akauliza kitu. Zulfa akampungia mkono angoje.

"Na shikamoo?" nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua. "Kila siku ananipa shikamoo."

"Alikuwa anakutania! Umemchukulia mke, wewe ni mume mwenzake. Anakuamkia ili ukatae, umrudishie, mcheke. Kila asubuhi alikuwa anangoja. Ananiambia mume wako mgumu huyu, leo tena kaipokea."

Nimemwitikia babu wa mke wangu marahaba mara arobaini na sita. Kwa sauti nzito.

Nikaona kona ya mdomo wa Zulfa inacheza, nikapata tumaini. Lakini ikatulia.

"Hilo la Babu nitalicheka siku moja," akasema. "La pili silicheki. Umekaa nyuma yangu wiki sita, unanipikia, unaniuliza chai ina sukari, na kichwani mwako mimi natongozwa mbele yako na ninaitikia. Hukuniuliza hata mara moja. Ungeniuliza, Idrisa."

Hajaniita Idrisa tangu Samira azaliwe. Akasema nikae kule kwenye jerikeni mpaka ng'ombe waje.

Sasa naona vumbi lao.

25 Agosti, Katesh

Maksai walilitoa kwa mvuto wa tatu. Nyumbani. Zulfa amehamia kwenye Konokono, uani. Mimi nina kitanda cha watu wawili peke yangu, kama mfalme aliyepinduliwa akasahauliwa ikulu.

Asubuhi nilimpelekea chai kupitia kidirisha. Akapokea. "Frida anakuja tarehe sita," akasema. "Atataka kushuka Yaeda. Siwezi kushuka Yaeda na mtu wa Balangida. Nitamwambia asije."

Basi kazi yote ya msimu, na ndoto yake yote, ni mimi niliyeizamisha. Nimemwambia asimpigie Frida bado.

27 Agosti, Nambis

Safari hii niliingia mpaka uani. Tadeo alikuwa anapepeta maharage juu ya turubai, mkewe Eufrasia pembeni na ungo wa pili. Nikavua kofia, nikainama mpaka mgongo ukalia.

"Shikamoo, Babu."

Akaendelea kupepeta. Maganda yakanirukia usoni. Muda ukapita ambao ndani yake mtu angeweza kufunga duka na kulifungua tena.

"Mjukuu anakuamkia," akasema Eufrasia.

"Nimemsikia. Namwacha aionje." Akaweka ungo chini. "Marahaba. Bado arobaini na tano."

Eufrasia akacheka mpaka akakaa. Nikacheka na mimi, nikadhani yamekwisha. Tadeo hakucheka.

"La shikamoo nilikuwa nakutania, umenishinda, ni haki yako," akasema. "Lakini siku ile nilirudi hapa na begi. Nilikuwa nimewaaga watoto, nimewaambia naenda kumwongoza mjukuu wangu. Wakaniuliza, baba, mbona umerudi? Nikawaambia hanihitaji. Hilo nililisema kwa mdomo wangu, mbele ya mke wangu huyu. Wewe ulijua?"

"Sikujua kama ni mjukuu wako."

"Sijauliza hilo."

Ni kweli, hakuuliza hilo. Nikasema nilijua namwumiza, nilitaka aumie, nilitaka kiti chake. Maneno yalitoka vibaya, kama jino. Nikamwomba aende Katesh, akae mbele, amshushe Frida Yaeda. Akaonyesha turubai: magunia sita hayajapurwa, mawingu yameanza kukaa juu ya Nou, ataondokaje?

"Aende," akasema Eufrasia, "huyu abaki. Mtu kwa mtu."

Wote wawili wakaitazama mikono yangu ya dukani.

28 Agosti

Tadeo ameondoka na basi la kwanza, begi lilelile. Nimepura maharage kwa fimbo kuanzia saa moja. Hayajui kwamba mimi ni mfanyabiashara.

1 Septemba

Nina malengelenge manne. Eufrasia amenifafanulia ukoo: watoto wake ni mama wadogo na wajomba wa Zulfa, kwa hiyo ni wakwe zangu. Restituta, binti yao wa darasa la nne, anapitia hapa akienda shule, anasimama, anangoja.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba," anasema, kwa sauti nzito. Ameambiwa jinsi ninavyoitoa.

3 Septemba

Mawingu. Hayajanyesha.

7 Septemba

Picha imeingia kwenye simu. Konokono chini kabisa ya Yaeda, zima. Frida anaonekana dirisha la nyuma, kidole gumba juu. Mbele Zulfa na Tadeo, vinywa wazi, wanacheka kitu. Nimeikuza picha kwa vidole viwili, nikakuza tena, mpaka uso wa mke wangu ukawa vijiraba vya rangi. Najua ni babu yake. Nimeshapura magunia manne kwa sababu ni babu yake. Na bado wivu umekaa palepale, haujaambiwa kuhusu ukoo. Sasa namwonea wivu kwa kuwa anajua nyimbo alizoimbiwa Zulfa mgongoni, na bibi yule alivyokuwa akimkemea, na mimi mwaka wa ishirini na nne huu jina la Natalia nimelisikia kwa mara ya kwanza juu ya tope.

Eufrasia akachungulia. "Mume mwenzako amependeza," akasema.

10 Septemba

Gunia la sita limefungwa saa tisa. Zulfa akapiga saa kumi. Kwa siku kumi na tatu alikuwa akimpigia Eufrasia tu.

"Maharage?"

"Yamekwisha. Nimekwisha na mimi."

"Frida amekubali," akasema. "Wageni wa kwanza mwezi wa kumi. Safari wiki tatu tatu. Anataka majina mawili kwenye karatasi leo."

Nikasema hongera, nikaisema vizuri, ilitoka moyoni. Halafu nikasikia upepo wa upande wake.

"Zulfa," nikasema, "nilikuwa nakuonea wivu."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Na sasa bado naona."

"Wa Babu?"

"Wa kila mtu uliyemfungulia mlango wa mbele."

Alivuta pumzi. Sikuweza kujua ya aina gani; simu haionyeshi mdomo. "Nijibu hili," akasema. "Karatasi iko mbele yangu. Msaidizi nimwandike nani?"

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia. Wiki tatu kwa wiki tatu, mwaka mzima, mimi kaunta, yeye Yaeda na kile kidole. Nilikitafuta kitu cha kusema, chochote, hata kwamba Babu ana shamba, hata kwamba magoti yake si mazuri. Vyote vilikuwa vinakaribia kuwa kweli.

"Mwandike Babu," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapana. Mwandike kabla sijapata fikra nyingine."

Akacheka. Kidogo, kicheko kile cha mbele ya gari, lakini safari hii mimi ndiye niliyekuwa upande wake wa kidirisha.

"Nilimwandika jana, Baba Samira," akasema. "Nilitaka tu kukusikia."